Nilizima Kengele ya Unyevu, Wifi Yangu Akasimamishwa Kazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana leo siku ya tisa nimebeba siri. Nafanya kazi kwenye shamba lililo ndani ya jengo, saladi zimepandwa kwenye rafu zilizopangana hadi darini, hakuna jua wala upepo, taa, joto na unyevu wa hewa tunaviongoza sisi kwenye skrini, na hiyo skrini ndiyo kazi yangu, niliyotafutiwa na wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeosha trei za miche hapohapo. Sasa kengele ya unyevu ikawa inalia kila mara, nikaona kipimo kinadanganya kama juma lililotangulia, nikaizima nimalizie ripoti, nikasahau, nikaenda zangu nyumbani. Siku mbili baadaye napanda ngazi nakuta ukungu wa kuozesha mimea chini ya majani, rafu ya saba, ya nane, ya tisa. Msimamizi akasema trei chafu ndizo zilizoleta balaa, akamsimamisha wifi papo hapo, nami nimesimama pale, sikufungua mdomo. Wifi akavua aproni, akaniambia, “Afadhali wewe umebaki, wifi. Nyumba haitalala njaa.” Mume wangu huenda kumpa pole kila jioni, akisema twende wote nasingizia kichwa. Kengele niliiwasha kimyakimya, nayo bado inalia. Nifanyeje?

Roho Juu

Roho Juu, pole, ingawa pole yangu kubwa naipeleka kwa wifi yako. Kuzima kengele ni kosa la mtu aliyechoka, na kipimo kiliwahi kukuhadaa. Lakini kumtazama mwenzio akivua aproni kwa kosa lako, hapo hukusahau kitu. Ulikuwa macho.

Tena jambo zito umelitupia mwishoni kama salamu: kengele bado inalia. Basi hewa bado ina unyevu mwingi, huenda mashine ya kuikausha imeziba, na miche mipya itaoza vilevile. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwako kilio kimeshaanza.

Leo jioni mume wako akisema twende, vaa viatu. Mweleze njiani, kisha mwambie wifi kwa kinywa chako, asije akasikia kwa watu. Akikufungia mlango, usimlaumu. Kesho asubuhi, kabla hujagusa skrini, nenda kwa msimamizi na kumbukumbu za kengele, maana saa uliyozima kengele imeandikwa humo. Sema, “Niliizima mimi. Wifi hana kosa.” Usitangulize machozi ili uhurumiwe. Halafu omba fundi afungue mashine siku hiyohiyo.

Kazi unaweza kuikosa, sikufichi. Lakini wiki ijayo huenda msimamizi akawa ameshaajiri muosha trei mwingine, na hapo hata ukiungama mbele ya jengo zima, wifi yako hatakuwa na nafasi ya kurudia.