Mashine Yenye Utepe wa Bluu

Jumanne, usiku

Niliijua ile mashine ya kutafutia dhahabu kabla mteja hajaiweka mezani. Utepe wa bluu kwenye mpini niliuzungusha mwenyewe, siku mume wangu Salum anaondoka hapa dukani Gerezani kwenda machimboni Chunya.

"Dada, inapiga kelele hata pasipo na kitu," mteja akasema.

Alikuwa ameongeza nguvu mpaka mwisho. Wote ndivyo wanavyofanya, wanadhani kelele nyingi ndiyo dhahabu nyingi. Nikaipunguza, nikawa naiinua na kuishusha juu ya ndoo yetu ya udongo mwekundu mpaka ikatulia. Nikamuuliza kaipata wapi.

"Kuna jamaa kaniuzia kulekule Chunya. Mkewe kajifungua, jamaa akabanwa na hela. Mtoto wa kike, kamwita Mwanaidi."

Mwanaidi ni mama mkwe wangu. Miaka yote hii ananiombea dua nimzalie somo yake, mjukuu wa jina lake. Juzi tu alinipigia simu kuniuliza kama nimerudi tena hospitali. Sijui kama anajua. Naogopa hata kumuuliza.

Nikavua pete yangu ya ndoa, nikaifukia kwenye ndoo, kama ninavyomfanyia kila mteja ili ausikie mlio wa dhahabu. Akapitisha mashine juu yake. Ikaita.

"Hapo sawa! Yaani dada, we fundi kweli."

Fundi. Haya.

Alipoondoka nikafunga duka mapema. Pete nimeiacha humohumo kwenye udongo.