Jina Yako Iko kwa Kapembwa

Yaya Chama, mukubwa wangu,

Sitakuficha, niko na wivu. Kisha kilio yako, ba famille yako balikalisha Kapembwa, mutoto ya dada yako ya Mansa, pa mukeka, bakamupa mayi ya kunywa na jina yako, aingie mu nafasi yako. Sasa Nchelenge yote inamuita Chama. Mi nilikalaka na weye mu biro ya samaki miaka ine, na hakuna mutu mwenye aliniuliza kitu. Najua, mi natoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, hatuna damu moja. Lakini inaniuma.

Juma iliyopita fundi alitengeneza kompyuta, akaturudishia tupu, byote bilifutika. Kapembwa akakala pa kiti yako, akafungua programu ya barua. Ikaomba jina na neno ya siri. Akaandika Chama, ile neno akaiacha wazi. Ikamukatala. Akaandika tena, polepole, akasema: "Lakini mi njo Chama, bakubwa bote balishuhudia."

Yaya, nilicheka mu tumbo. Seva ya kupokea, seva ya kutuma, na kale kasanduku ka kutia alama sababu hata kutuma kunaomba neno ya siri, byote ulinifundisha mi. "Usiandike pa karatasi," ulisemaka, "panya inakula, na bandugu banasoma." Sikuandika. Iko mu kichwa yangu tu.

Siku tatu sikumupa ile neno. Bamama ba kule Puta balikuja na samaki, banauliza lori ya Kitwe itafika lini. Jibu ilikuwa mule ndani ya barua. Nilisema sijui. Siku ya ine mama moja akamwanga samaki yake yenye kuoza nyuma ya biro, hakutukana hata mutu. Pale nikaona haya.

Nikaambia Kapembwa asimame. Alisimama bila kubisha. Nikapanga seva zote mbili, nikaandika jina yako, nikaandika neno. Barua zikaingia, na ile ya lori ya Kitwe, yote inaanza na "Mupendwa Chama." Nikamurudishia kiti ajibu. Akaangalia vidole byake.

"Andika weye," akasema. "Mi sijui vile alikuwaka anabaambia."

Nikaandika sawa vile weye uliandikaka. Pa mwisho nikatia Chama, na yeye akaitika kwa kichwa.

Lala muzuri, Yaya. Naahidi, kesho nitamufundisha ile neno. Leo hapana. Leo uniachie nikuwe mutu moja tu mwenye anaijua.

Mudogo wako wa Kilwa