Hadubini na Ng'ombe wa Chepkemboi

Jumatatu, 5 Machi 1956

Mgongo umenitoa kwenye mikebe ya maziwa. Afadhali! Nyapara amenihamishia chumba cha dawa za ng'ombe, nifagie na kuosha chupa. Bwana mkubwa wa chumba ni Kipketer, fundi wa mifugo, Mnandi mrefu asiyejua kununa.

Kuna chombo cha kuonea vijidudu. Nikakiita darubini. Kipketer akasema hapana, darubini ni ya kutazama mbali, hii ni hadubini. Sawa. Mimi kwetu Seme niliishia darasa la nne, hatukufika huko.

Akaniambia nichungulie. Nikaona msitu! Miti myeusi, mirefu, inatikisika. Nikapiga kelele kwamba vijidudu nimeviona.

"Omera," akasema, akiniita ndugu kwa Kijaluo chetu, "hizo ni kope zako."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kufikia jioni laini nzima ya wafanyakazi inaniita Kope.

Jumatano, 7 Machi

Nimevunja kioo. Kile kipande chembamba kinachopakwa damu. Nilianza na lenzi kubwa kuliko zote — kwa nini nionyeshwe kidogo na kikubwa kipo? Nikazungusha gurudumu huku nachungulia, lenzi ikashuka, ikashuka — kra!

Kipketer alisonya tu. Akanieleza. Lenzi ndogo inakuza mara kumi, jicho la juu, pale unapochungulia, mara kumi tena, jumla mia. Ile kubwa ya kutiwa mafuta inafika elfu, lakini inaonyesha mahali padogo mno, utapotea. "Ukitafuta ng'ombe wako si unapanda kilimani kwanza, uone kundi lote? Halafu ndio ushuke." Na kushusha lenzi, unatazama kwa ubavuni mpaka ikaribie kioo. Ndipo unachungulia, unaipandisha polepole. Kupandisha tu! Ukishusha huku unachungulia, kra.

Jambo moja nililishika papo hapo. Ukisogeza kioo kulia, picha inakwenda kushoto. Kipketer anasema watu huhangaika nalo. Mimi nimerudisha nyuma trela la ngano misimu mingapi? Usukani huku, trela kule. Ni hilo hilo.

Jumamosi, 10 Machi

Siku mbaya. Ng'ombe wa Chepkemboi amekataa majani, amevimba chini ya sikio. Chepkemboi ni mkamuaji, mjane, na huyo mwekundu ndiye ng'ombe wake pekee. Chepkemboi ndiye anayetupa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, sisi wa chumba cha dawa. Mimi mtu wa samaki, sikudhani ningezoea maziwa yenye mkaa. Nimezoea.

Bwana mwenye shamba amesema: kama ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaoua kundi zima, atampiga risasi, na ng'ombe wote wa wafanyakazi watoke shambani mwezi huu. Wote! Watu wa laini wameanza kumwangalia Chepkemboi kama mchawi. Jibu analitaka Jumatatu. Asipopata jibu, atahesabu kwamba ni ndigana.

Kipketer alitoa damu sikioni mwa ng'ombe, akaipaka kiooni, akaitia rangi, akaiacha ikauke. Kisha akaenda kwenye dipu, shimo la kuogeshea ng'ombe. Ndama akaruka, dawa ikamwingia Kipketer machoni. Macho yote mawili! Amefungwa bendeji mpaka katikati ya wiki. Anasema haoni hata mchana.

Nikamuuliza nani atatazama kioo. Akasema, "Si tuna Kope?"

Sikucheka.

Jumapili, 11 Machi

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nazungusha vidole — kutazama ubavuni, kuchungulia, kupandisha.

Jumatatu, 12 Machi

Naandika kwa penseli hapa hapa mezani, chumba cha dawa. Bwana atafika baada ya chai.

Tulianza mapema. Kipketer amekaa juu ya sanduku na bendeji yake, mimi kwenye hadubini, Chepkemboi mlangoni na kibuyu. Lenzi ndogo — safi, naona kundi lote, waridi tupu. Lenzi ya mafuta — ukungu. Nikapandisha, ukungu. Nikarudia tangu mwanzo. Ukungu!

"Umeweka damu juu au chini?" Kipketer akauliza.

Nitajuaje? Kioo kinaonekana sawa pande zote.

"Kwaruza pembeni kwa ukucha. Upande unaokwaruzika ndio wenye damu."

Nilikuwa nimekigeuza! Lenzi ilikuwa inatafuta damu kupitia unene wa kioo. Nikakifuta mafuta, nikakipindua, nikarudi. Loo! Duara nyingi za damu, zimejaa kama sarafu. Na katikati, vidoa vyeusi.

Nikasema vipo. Chepkemboi akashika mlango.

"Taratibu," akasema Kipketer. "Zungusha jicho la juu."

Nikazungusha. Vidoa vikazunguka nalo. Uchafu! Uchafu wa jicho la juu, si wa damu! Chepkemboi alicheka kwa machozi, akasema Kope karibu anichinjie ng'ombe. Hata mimi nikacheka.

Kipketer akasema vizuri, sasa futa, uende kioo chote, usisimame mahali pamoja. Ndigana hukaa ndani ya duara, kama koma ndogo ya maandishi.

Nimefuta. Nimekwenda safu kwa safu, kama kulima. Safi. Safi. Safi.

Halafu hapa pembeni.

Koma ipo ndani ya duara. Nimezungusha jicho la juu — haikuzunguka. Nimesogeza kioo kulia — imekwenda kushoto, pamoja na duara yake. Jirani yake kuna nyingine. Na nyingine.

"Kope, mbona kimya?"

Nimemwambia nafuta lenzi.

Chepkemboi bado ana kicheko cha vile vidoa. Amenimiminia kikombe kingine, amekiweka karibu na mkono wangu, anasema ninywe, kazi ya macho inachosha. Nje Land Rover ya Bwana imeingia langoni.

Kipketer amegeuza bendeji upande wangu, ametega masikio.

"Omera," anasema polepole. "Lenzi haifutwi kwa penseli."