Mama ametangulia

Yusra, tangu Mama alipotutoka Jumanne, neno "amekufa" limenikwama kooni. Sasa sikia lilivyonifanyia leo!

Wafadhili wa kile kituo cha utafiti kilichokuwa kikimsaidia Mama ajitegemee kutembea wamekuja kumchukua kwenda mkutanoni Msambweni. Nikawaambia, "Mama ametangulia."

Purity, afisa wao wa kutoka bara, akadakia, "Ametangulia? Peke yake?"

Peke yake, Yusra! Nikamjibu, "Sote tutamfuata."

Akauona mkongojo mlangoni. "Na mkongojo ameuacha!"

Wakapiga makofi. Makofi, wallahi! Mkubwa wao akasema wazee wetu watafadhiliwa tena kwa ajili yake, wakapanda gari mbio.

Purity ameniandikia sasa hivi. Wamemwekea Mama kiti cha mbele, wanauliza amefika wapi.