Kumsikiliza Maren

Jumatano, 3 Oktoba 2018

Nimemsikia. Saa nne na robo asubuhi, juu mlimani pale Warm Springs, kahawa bado ya moto mkononi. Maren! Miaka miwili sijasikia sauti ya mwanangu, na leo imenijia kwenye spika ya pikapu kupitia skana, redio yangu ya kunasa mazungumzo ya ndege. Anamwambia rubani wa ndege ya kivita asogee mbele kumi, mbele tano, hapohapo, tulia.

Ni yeye. Anabonyeza kitufe, anavuta pumzi, ndipo anasema. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, ana miaka tisa, tumekaa mezani jikoni na redio yangu ya zamani. Wenzake wana haraka, neno la kwanza linakatika. La kwake halikatiki.

Nimeshika kalamu niandike kwenye daftari la masafa kama kawaida — saa, masafa, jina la mwito la ndege. Mkono ukagoma. Nimemwapia mke wangu, Lorna. Basi naandika humu, kwenye daftari la orodha za dukani. Humu hasomi mtu.

Nimerudi nyumbani nikafagia gereji mara mbili. Lorna kaniuliza nimepatwa na nini. Hakuna, nikasema.


Alhamisi, 4 Oktoba 2018

Situlii. Nakaa, nasimama. Nimekwenda dirishani mara kumi. Lorna anasema nimekuwa kama mtu aliyekalia siafu.

Kwa hiyo yuko huku Nevada! Lorna aliponyokwa na ulimi wiki iliyopita kwamba Maren kahamishiwa kituo cha karibu, halafu akabadilisha maneno haraka. Mke wangu hajui kuficha. Mimi ndiye ninayejua, na sijivunii.

Yote ni mdomo wangu. Ndege yake ya mafuta, ile inayojaza ndege nyingine mafuta angani, ilipoondoka kwenda ng'ambo niliisikia ikipaa, nikaiweka kwenye ukurasa wetu wa wasikilizaji mtandaoni. Jina la mwito, saa, inakokwenda. Nikaongeza, mjinga mimi: binti yangu yumo mkiani, ndiye anayeongoza bomba la mafuta. Watu wakanimwagia pongezi. Mkuu wake naye akasoma. Wiki sita Maren akakalishwa ofisini, haruhusiwi kupanda ndege. Alinipigia simu mara moja tu. "Baba," akasema, "miaka yote unasikiliza redio. Mimi hujanisikiliza hata siku moja." Akakata. Tangu hapo anaongea na mama yake, na Lorna huingia chumbani na simu akafunga mlango.

Ndipo nikaapa. Nyingine zote nitasikiliza, lakini ndege za mafuta, basi.

Sisi watu wa skana tuna kanuni moja: kisichoandikwa daftarini hakikusikika. Huwezi kuja na maneno matupu ukataka wenzako wakuamini. Sasa mimi jana sikuandika. Kwa hiyo sikusikia. Nani atanishinda hapo?

Upuuzi. Najua ni upuuzi.


Ijumaa, 5 Oktoba 2018

Nimemwambia Lorna nakwenda kumsaidia mtu kuvuta nyaya. Miaka thelathini na moja nimepanda nguzo za umeme, nani atashuku? Nikaenda mlimani.

Hakuna kitu. Nimehamisha gari mara nne, nimeisogeza antena juu ya paa, mbele, nyuma. Hakuna. Ng'ombe wamelala barabarani na upepo unavuma. Nimekula nyama yangu kavu, nikarudi na hasira, nikamgombeza mbwa bila kosa.


Jumapili, 7 Oktoba 2018

Lorna katoka kanisani, hajavua hata koti, kaniambia nikae. Nikajua ni jambo zito.

Maren anakuja Jumapili ijayo! Chakula cha mchana. Anakuja hapa Tonopah, kwenye nyumba hii, mezani petu.

Kuna sharti. Maren kamwambia mama yake aniulize kwanza, uso kwa uso. Kama nimeisikiliza ndege yake tena, hata mara moja, haji. Na kama akija halafu akagundua, anaondoka palepale na asitafutwe.

Lorna kanitazama machoni. Kaniuliza, Verl, umesikiliza? Miaka thelathini na minne ya ndoa. Nikasema hapana.

Kanishika mkono akatabasamu. Nimejisikia vibaya kweli.


Jumanne, 9 Oktoba 2018

Nilisema siendi. Nimekwenda. Sikio la kufa halisikii dawa.

Dakika ishirini na mbili za Maren. Ndege nne zimekuja moja baada ya nyingine kunyonya mafuta, na zote amezipokea vizuri, bila papara. Rubani mmoja kamtania kitu sikukipata, Maren akacheka. Yeye, kucheka! Nimecheka na mimi peke yangu garini kama kichaa.

Katikati ya hayo, Orrin kaniita kwenye redio ya ridhaa. Skana ni ya kusikiliza tu. Hii nyingine ndiyo tunayoongelea sisi kwa sisi. Orrin alikuwa mwalimu wa hesabu kule Ely, kastaafu, ana antena ndefu kuliko mnara wa kanisa na ulimi mrefu kuliko antena. Anasema kapata masafa mapya ya ndege za mafuta, na kuna mwanamke kwenye bomba ana sauti safi ajabu. Anataka masikio ya pili. Siku hizi hatuweki kitu ukurasani mpaka wawili wamesikia.

Nikamwambia sijatoka nyumbani.

"Mbona nasikia upepo, mzee?"

Nikamwambia niko juu ya paa la nyumba, nafunga antena. Akanicheka, ati kwa umri huu nitashuka vipande vipande na Lorna ataolewa na mtu asiye na redio. Nikacheka naye. Wiki moja, watu wawili, uongo juu ya uongo. Sikuwa hivi.


Alhamisi, 11 Oktoba 2018

Nimesimamisha gari kando ya barabara. Naandika mbiombio, sijui kama nitaweza kusoma haya kesho.

Saa saba mchana. Ndege ya kwanza imejaza mafuta ikaondoka. Ya pili inakuja. Maren anamhesabia: mbele ishirini, mbele kumi, punguza. Punguza. Halafu hakuvuta pumzi. Neno la kwanza limekatika — limekatika! — na lililobaki ni sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata utotoni alipovunjika mkono. "Achana! Achana! Achana!" Ndiyo amri ya ndege mbili kutengana papo hapo.

Kishindo. Kisha kimya.

Rubani wa ndege ya mafuta akaita. Ndege ya kivita ikajibu, iko salama, imejishusha chini yao. Akaita mkiani. Mkiani kimya. Akaita tena. Kimya. Nilijikuta nimeshika kipaza sauti cha redio ya ridhaa. Cha nini? Hakifiki kule, na hata kingefika ningesema nini? Mama yako anakupenda? Nimekishika tu. Nilikuwa naongea peke yangu, jibu mwanangu, jibu, jibu.

Sekunde arobaini. Saa ya garini ilikuwa mbele yangu.

Kisha kubonyeza. Pumzi. "Mkiani niko salama. Bomba limepinda. Kioo kimepasuka."

Kioo! Huyu mtoto anafanya kazi amelala kifudifudi, uso kwenye kile kioo cha dirisha la mkiani. Lakini akaendelea kumpa rubani habari, moja moja, pole pole, kama anasoma orodha ya dukani. Wakageuza kurudi kituoni. Sauti ikaanza kufifia. Nikawasha gari nikaifukuza, mashariki, mwendo ambao polisi wangenifunga, mpaka mlima unaofuata. Nikaipata, nikaipoteza, nikaipata neno moja, "salama" au "sawa", ikapotea.

Sijui kama wametua. Sina wa kumwuliza. Lorna? Nitamwambia nimejuaje? Orrin? Nikimwuliza Orrin nimekuwa masikio yake ya pili, na saa hiyohiyo ukurasa wote unajua.

Nina umri wa miaka sitini na mitatu na sijui kama mwanangu yuko hai, na siruhusiwi kuuliza.


Ijumaa, 12 Oktoba 2018

Hakuna usingizi. Habari za redioni hazikusema kitu. Hiyo ni heri, au bado hawajatangaza.

Saa moja asubuhi Orrin alikuwa ameshaanza kuniita. Naye kasikia jana, vipande tu, milima ilimzuia. Kasikia achana, achana. Anataka kuandika kwamba nusura itokee ajali, na anamtaja yule mwanamke mwenye sauti safi. Alikuwa amechangamka kama mtoto. Akaniuliza kwa heshima zote, kama nilikuwa hewani. Nikamwambia jana mchana kutwa nilikuwa gereji natengeneza mashine ya kukata majani.

Akaguna. Kisha akasema basi, sikio moja halitoshi, ataiacha. Nilimwonea huruma. Mtu mwaminifu, anafuata kanuni, na rafiki yake anamdanganya. Lakini uongo huu, niulizwe leo au siku ya kiyama, nitaurudia.

Jioni simu ikalia. Lorna kaingia nayo chumbani, kafunga mlango. Nilisimama kwenye korido nimeshikilia ukuta. Katoka baada ya dakika tano anatabasamu.

"Anasema wiki yake ilikuwa ya kawaida tu. Anauliza alete nini Jumapili."

Nikasema alete anachotaka. Nikaenda gereji nikalia. Nimelia kweli, kwa sauti, nimekaa chini karibu na ile mashine ya majani ambayo haina ubovu wowote.


Jumamosi, 13 Oktoba 2018

Nimeng'oa antena kwenye pikapu. Nikairudisha. Nikaing'oa. Lorna kachungulia dirishani akasema, wewe mwanamume, kaa chini, unanichosha macho. Anapika tangu asubuhi.

Nimefanya mazoezi ya uso kwenye kioo cha kunyolea. Uso wa mtu asiyejua kitu. Sina.


Jumapili, 14 Oktoba 2018

Saa nane mchana. Niko chooni, nimefunga mlango. Nimefungulia maji ili wadhani nanawa.

Kafika saa sita na nusu. Kamkumbatia mama yake muda mrefu. Mimi kanipa mkono, halafu akaegemea kidogo, bega kwa bega. Nimekubali. Ningekubali hata salamu ya kidole.

Kakonda. Juu ya nyusi ana plasta. Lorna kamwuliza, kasema ni mlango wa kabati la jikoni. Lorna kasema pole mwanangu, hayo makabati ya nyumba za jeshi. Mimi nilikuwa na kiazi mdomoni. Nilikitafuna mpaka kikawa maji.

Tumeongea hali ya hewa. Tumeongea mbwa. Kala nyama ya mama yake mara mbili. Uma unagonga sahani, gonga gonga, akaona naangalia, akauweka chini na mkono akauficha mapajani. Nilitamani kuinuka nikamshike ule mkono na nilikaa kama gogo.

Lorna kaenda jikoni kukata keki ya tufaha. Maren kainama kidogo kuelekea kwangu. Sauti ya chini.

"Baba. Alhamisi. Ulinisikia?"

Hakuwa na hasira. Au alikuwa nayo, mimi siijui tena sura yake. Macho yamejaa. Sikujua anauliza ili aondoke, au anauliza ili abaki. Nikisema ndiyo, nimevunja kiapo, nimemdanganya mama yake, na mlango ni ule. Nikisema hapana, basi duniani hakuna mtu wake anayejua zile sekunde arobaini zilikuwaje.

Nikasema nakwenda kunawa. Mwanamume mzima!

Keki tayari, Lorna anaita. Kuna hatua kwenye korido. Si za Lorna, yeye anaburuza ndala.

Amegonga. Amesema maji yanamwagika bure.

Nimeyafunga. Yuko palepale, kivuli chake nakiona chini ya mlango. Lorna kapaza sauti toka jikoni, kuna nini huko? Na Maren kamjibu:

"Hakuna kitu, Mama. Naongea na Baba."