Kabureta Mbili za Papa

Kalemie, mtaa wa Kataki
Jumapili, 12 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Didier,

Salamu nyingi kutoka kwetu ziwani. Hujambo wewe, hawajambo Mama Reine na watoto? Goti lako linasemaje na baridi ya Liège? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila sikio la kushoto limekufa kabisa na la kulia liko njiani kulifuata. Ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi. Sauti unazonitumia kwenye simu nazifungua, naona mstari unatembea mpaka mwisho, basi.

Jirani yangu Djafari ndiye aliyesikiliza ya mwisho, akanipigia kelele sikioni mpaka nikaelewa. Unataka kunitumia enjeksiyo kwa ajili ya gari la mbio alilotuachia Papa mzazi wetu, lile jekundu la milango miwili. Nitoe kabureta zake mbili, niweke pampu ya umeme na kisanduku chenye akili kinachopima mafuta chenyewe. Asante sana. Nisikufiche, nilikasirika pia.

Umesahau petroli ya hapa? Inavuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya mabidoni, pamoja na maji yake na mchanga wake. Kabureta ikimeza uchafu unaifungua kwa bisibisi, unapuliza kwa mdomo, unatema, unaondoka. Hicho kisanduku chako kikinuna, nani Kalemie atakibembeleza? Fundi mwenye kompyuta ya kukisoma yuko Lubumbashi, kama yuko.

Lakini harusi ya Evodie ni tarehe 17 Agosti. Nilimwahidi marehemu Bertille, akiwa kitandani, kwamba binti yetu atashuka mlangoni pa kanisa kutoka gari lile, si kutoka gari la kuazima. Na gari halijatembea tangu tumzike, mwaka na miezi miwili sasa. Nilipokuandikia kwamba linakwenda vizuri, nilikudanganya. Nisamehe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukizipatanisha zile kabureta. Mimi na bisibisi, wewe na kipande cha mpira wa maji sikioni, unasikiliza pumzi ya moja, kisha ya pili, mpaka zivute hewa sawasawa. Ulipoondoka, Bertille aliuchukua ule mpira. Alikuwa anafumba macho, kisha anasema, "Papa Evodie, ya nyuma njo inavuta mingi. Funga kidogo. Kidogo, nakuambia!" Mkali kama pilipili, na hakukosea hata mara moja.

Mwezi uliopita nilimwomba Djafari ashike mpira. Alisikiliza nusu saa nzima, akasema zote mbili zinalia vizuri. Injini ikakohoa moshi mweusi mpaka majirani wakaanua nguo zao. Simlaumu, yeye ni mchuuzi wa dagaa. Alipokwenda zake nilikaa ndani ya gari, upande wa abiria, nikalia. Evodie yuko Moba anafundisha, na akishaolewa ndiyo kabisa. Siku hizi naongea na kuku, Didier, na hata wao siwasikii wakijibu.

Basi tuma enjeksiyo. Tuma mapema, nipate Juni na Julai za kuhangaika nayo. Usidhani umenishinda: kwa barabara na petroli ya hapa, kabureta ndiyo dawa, nami nitasema hivyo mpaka nizikwe. Ila kabureta inataka sikio la mtu, na nyumba hii imebaki bila mtu. Kisanduku hakihitaji mtu.

Najua makaratasi yako hayajakamilika na harusi itakupita. Sikulaumu. Andika tu maneno machache, nimpe Ruben, bwana harusi, ayasome mbele ya watu.

Shangazi Consolate anakusalimu na bado anakutaja kwenye rozari, jina lako likitangulia langu. Nibusie Reine na nduguze. Mungu awafunike huko ugenini na awape kazi isiyowavunja mgongo.

Kabureta sitaziuza. Nitaziosha, nitazifunga kwenye kikwembe cha Bertille, nitaziweka juu ya kabati. Kuzirudisha ni kazi ya asubuhi moja, ya watu wawili.

Ndimi kaka yako nikupendaye,
Télesphore