Dawa Si Ugali wa Kumega

Kitengela,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Rodah,

Nakusalimu kwa jina la Yesu ambaye ametuchunga sote mpaka leo. Hujambo dada? Hicho kizunguzungu kilichokuangusha kwa mkutano wa kina mama kimekuachilia ama bado? Na shemeji, mgongo wake unamruhusu kushika jembe? Sisi huku tupo, Mungu ni mwema, ila uchovu umeniingia mpaka kwa mifupa. Hata sasa nakuandikia miguu ikiwa ndani ya karai ya maji ya chumvi. Maji yenyewe ni ya kununua kwa mkokoteni, kwa hivyo nikimaliza nitapigia nayo deki.

Kazi ya zahanati ni ile ile. Wauguzi wenzangu wawili walihamishwa, hakuna aliyeletwa, na vumbi la barabara ya Namanga linaingia mpaka kwa pamba. Halafu siku hizi wanasema leseni yako haifanywi upya kama husomi tena. Fikiria, mimi na nywele hizi nyeupe! Wiki mbili zilizopita siku yangu ya mapumziko iliishia Kajiado kwa semina ya usalama wa dawa, mimi na daktari wetu, yule kijana wa Nyeri niliyekuambia ana haraka lakini roho yake ni safi. Nilisinzia, dada, sikufichi. Mwalimu akaniita, "Mama wa sweta ya samawati, wewe mgonjwa akirudi unamuuliza nini?" Nikaamka nikasema, "Namuuliza kama amemeza dawa." Ukumbi wote ukacheka. Mwalimu akasema, "Na yeye anakujibu ndiyo, si ndiyo? Usimuulize kama amemeza. Mwambie akuonyeshe vile anameza nyumbani."

Niliona ni maneno tu ya semina. Nikarudi kazini.

Sasa kuna mama mmoja wa Kimaasai, tunamwita Mama Nashipai, anatoka ndani huko nyuma ya Kisaju. Ana TB. Amechukua dawa kwetu miezi mingi, hakosi siku yake, na dawa zinaisha vile zinafaa kuisha. Lakini mwili haurudi, na makohozi yakipimwa ugonjwa bado uko. Tumemwombea mimi na yeye pale kwa benchi. Alhamisi alikuja tena, amekauka kama kuni. Daktari akaniambia pembeni, "Sista, huyu dawa zimemkataa. Tumpeleke Nairobi aanzishwe sindano." Nairobi, na ana mtoto wa kunyonya! Tayari alikuwa ameshika kalamu aandike. Kisha akaiweka chini. "Hebu tufanye kwanza ile kitu ya Kajiado."

Nikamwambia, "Yeiyo, mama yangu, hebu utuonyeshe vile unameza huko nyumbani."

Mama Nashipai alikuwa amekuja na mke mwenzake mdogo, yule humsaidia kubeba mtoto. Dada, alimimina vidonge kwa kiganja, akavitazama, akavigawa katikati. Vingine akabaki navyo. Vingine akanyoosha mkono akamwekea mke mwenzake, na huyo akapokea bila hata kuangalia, kama mtu amezoea kupewa tumbaku.

Daktari akauliza, "Na huyu?"

"Huyu pia anakohoa," Mama Nashipai akasema.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Hamkuuliza yeye. Mliuliza mimi kama dawa imeisha, na imeisha." Kisha akamwangalia yule kijana kwa huruma, kama vile yeye ndiye mgonjwa. "Wewe daktari uko na bibi mmoja, ndiyo maana hujui. Mimi nitameza aje na mwenzangu ananiangalia? Kwetu hata maziwa mtu hanywi peke yake."

Yule mdogo naye akaingilia, "Na mwezi huu mlitupunguzia!"

Daktari alicheka mpaka akatoa miwani, halafu akamtuma mdogo maabara. Mdogo amepimwa, naye anayo. Wameanzishwa wote wawili upya, kila mtu na yake, na tunangoja kuona kama kweli dawa bado zitamsikia Mama Nashipai. Nusu ya dawa haiponyi, inafundisha ugonjwa kupigana. Mwombee.

Lakini dada, sikukuandikia sababu ya Mama Nashipai. Tangu nione mkono ule ukinyooshwa sijapata usingizi mzuri, kwa sababu nilishawahi kuuona. Krismasi nilipokuja nyumbani, jirani yako Mama Kageha alikuwa akivuka ua kila asubuhi kunywa chai kwako. Na kabla hujamimina chai ulikuwa unaingia chumbani, unatoka, unampitishia kitu chini ya meza. Mimi nilidhani ni njugu.

Si njugu, dada.

Wewe nakujua. Tukiwa watoto hata muwa ulikuwa unaukata ukinipa upande wenye utamu. Mimi nimesoma kwa sababu wewe ulikubali kubaki. Kwa hivyo mtu akikuambia kichwa kinamgonga kama chako, najua huwezi kumeza peke yako. Lakini kama unamegea Mama Kageha, basi presha yako haijashuka kwa sababu hiyo, na huko hospitali wanataka kukuongezea dawa wakifikiri unameza zote. Na yeye ana pumu! Hiyo dawa yako inaweza kumfunga kifua. Ukumbuke vile Krismasi kilikuwa kikipiga filimbi, tukasema ni baridi.

Sikukemei. Gawa chai, gawa mbegu, gawa hata hicho kitenge nilichokuletea. Hiyo chupa usiigawe. Na usiiache ghafla eti umekasirika, endelea kumeza zako. Ukipokea hii tu, mshike Mama Kageha mkono mwende hospitali pamoja, umwambie daktari vile mmekuwa mkifanya, kabla hajaandika chochote. Naye apimwe, apewe yake. Hakuna atakayewacheka. Sisi wa dawa ndio tulikosa kuuliza.

Nisalimie shemeji, mwambie sweta yake iko njiani. Msalimie shangazi wa kule ng'ambo ya mto, na mchungaji pamoja na mama mchungaji. Na Mama Kageha mwenyewe umsalimie sana, umwambie nampenda.

Ni mimi mdogo wako anayekuombea,
Sabeti

Dada, tafadhali nijibu upesi, hata kama ni mstari mmoja. Uniambie kama unameza peke yako.